Mombasa peke yako: chagua mtaa, ujulikane

Ukienda Mombasa peke yako, ombi langu la kwanza kwako ni hili: usijaribu kuumaliza mji. Chagua mtaa mmoja, lala hapo, kula hapo, pita njia ile ile asubuhi na jioni mpaka msukuma mkokoteni wa maji akuzoee na watoto waache kukukodolea macho. Ukishafanya hivyo, nusu ya maswali mnayoniuliza yatakuwa yamejijibu.

Maswali yenyewe huja kwa sura mbili. Wapo wanaouliza kama ni salama, na wapo wanaouliza kama hawatakuwa wapweke. Wanayatenganisha, kana kwamba usalama ni kujifungia chumbani na kuzoeana na watu ni kujihatarisha. Kwa Mombasa nimeona kinyume chake. Kaunti nzima ina watu zaidi ya milioni moja, sensa ya 2019 iliwahesabu 1,208,333, lakini mtaani watu wanaishi kama kijijini: mama yuko dirishani, wazee wako barazani tangu alasiri, muuza duka anajua nani kapita na nani hajarudi. Macho hayo yanaweza kukulinda, na yanaweza kukupita tu. Yanakulinda pale unapokuwa mtu wao, mgeni wa fulani, yule dada anayelala nyumba ya pembeni. Na huwi mtu wao kwa kupita kimya na vipokea sauti masikioni.

Mimi ni mwanamke wa Tanga. Nauza kanga, na kanga ndizo zinazonipeleka Mombasa, Mtaa wa Biashara, ambako wenyewe huziita leso. Nilianza safari hizi nikimfuata shangazi yangu. Miguu yake ilipochoka nikaendelea peke yangu. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu anayebeba mzigo na kuhesabu nauli, si ya hoteli kubwa za ufukweni. Mwenye kwenda kutembea tu yatamfaa vilevile.

Fika mchana. Hili sina mjadala nalo. Basi la kutoka kwetu linavuka mpaka Horohoro na Lunga Lunga, linapita Msambweni na Ukunda, na mwisho linakutana na maji pale Likoni, kivuko cha kuingia kisiwani mwa Mombasa. Kutoka Nairobi wengi siku hizi huja na treni ya SGR, Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017. Kituo chake kiko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo ukishuka bado una safari nyingine ya matatu au teksi. Panda treni ya asubuhi ufike jua likiwa juu. Ya alasiri inakushusha usiku, na usiku mgeni mwenye begi hana nafasi ya kuchagua; anapanda chochote kinachosimama mbele yake.

Sasa feri. Ipo barabara ya Dongo Kundu inayomwezesha mtu wa kusini kwenda bara bila kuigusa feri, lakini mimi feri naipenda, na ninaamini ndiyo darasa la kwanza la mji. Abiria wa magari hushuka wakavuka kwa miguu, bure, na gari likaja na foleni yake. Asubuhi umati unatoka Likoni kwenda kisiwani, jioni unarudi. Geti likifunguliwa watu huteremka ule mteremko kwa kasi, na mgeni hujikuta anakimbia bila kujua anakimbilia nini. Usikimbie. Kaa ukingoni mwa umati, begi kifuani, simu ndani kabisa. Mimi hutafuta mama mwenye kikapu au mtoto, nikasimama ubavuni mwake.

"Shikamoo mama. Leo watu wengi."

"Marahaba mwanangu. Leo ni leo."

Inatosha. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, lakini meli ya makontena ikiwa inaingia bandari ya Kilindini feri husubiri, na hapo ndipo maneno hukolea. Tukifika ng'ambo yeye mwenyewe ndiye huniambia matatu gani ya kupanda na ipi inazunguka, nauli ya haki ni ngapi, na kama leo kuna jambo mjini. Makanga anayeita abiria akituona tumeongozana hanitajii bei ya mgeni. Kumbuka mama yule hajui jina langu, wala mimi silijui lake.

Nyumba ya kulala, mimi huchagua pembeni mwa Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, kwa sababu kutoka hapo ngome ya Fort Jesus, soko la Marikiti na Mtaa wa Biashara yote ni mwendo wa miguu. Ukipiga simu kuuliza chumba, usiishie kwenye bei. Uliza maji. Mombasa maji ni shida ya siku zote. Nyumba nyingi zinategemea kisima chenye chumvi na mitungi ya mikokoteni, na jibu la mwenye nyumba kuhusu maji litakuonyesha kama ni mtu anayejali wageni wake. Uliza mlango unafungwa saa ngapi na nani hukaa mlangoni usiku. Ukifika, kabla hata ya kufungua begi, rudi chini ukamsalimie mlinzi kwa kutulia. Mwambie unatoka wapi na leo unatarajia kurudi saa ngapi. Huyo ndiye mtu wako wa kwanza. Saa yako ya kurudi mwambie yeye tu. Dereva, muuza miwani na kijana mchangamfu wa ufukweni hawana haja ya kuijua.

Mtu wa pili ni mama wa mahamri, na juu yake nitakaa kidogo.

Kila mtaa unaye. Ninayemjua mimi hukaa juu ya kibao mbele ya mlango wake, karai la mafuta upande mmoja, sufuria ya mbaazi za nazi upande wa pili. Anakata unga pembe tatu, anauteremsha kwenye mafuta taratibu, anaumwagia mafuta juu kwa upawa mpaka hamri livimbe, analigeuza mara moja tu, analitoa. Hiliki inanukia tangu mwanzo wa kichochoro. Wateja wengi hufungiwa kwenye karatasi wakaenda zao kazini. Wewe usifungiwe. Omba sahani, kaa kwenye benchi lake, kula hapo hapo. Atakuuliza, maana lazima aulize: umekuja na nani?

Swali hilo linawatia hofu wasichana wengi. Nimesikia wakishauriwa wavae pete ya uongo, wazue mume anayekuja kesho. Mimi sipendi, kwa sababu uongo unataka kukumbukwa, na watu wa mtaani wana kumbukumbu kali. Kwa mama huyu nilisema kweli: peke yangu, kwa ajili ya leso.

"Na mamako kakuachia?"

"Kaniachia, na dua kaniombea."

Akaniongeza kijiko cha mbaazi.

Siku moja nilikuwa na safari ya Kongowea. Nikasimamisha tuktuk, ndizo bajaji zetu, mbele ya benchi lake. Kabla sijapanda akainuka, mikono bado ina unga, akamwinamia dereva. "Huyu mgeni wangu. Wampeleka wapi? Kwa ngapi?" Dereva akataja bei, mama akaipunguza. Kisha akazunguka nyuma, akaisoma namba ya tuktuk kwa sauti, herufi moja moja, na binti yake akaiandika kwenye simu. "Ukifika nipigie," akaniambia. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama anamfahamu dereva yule tangu mtoto, na mzazi wake pia. Hakuwa na shaka naye. Alikuwa anamweleza mimi ni nani, na ananieleza mimi kwamba pale mjini nina mtu. Tangu hapo mgeni asiyenijua akiniuliza kama niko peke yangu, namjibu kwamba nasubiriwa nyumbani, na nakuwa nimesema kweli.

Ulinzi ule niliupata kwa sahani ya mbaazi na kukaa chini robo saa. Hoteli gani itakupa?

Ukishapata kifungua kinywa, ndipo utembee. Fort Jesus ni mahali pazuri pa kuanzia kwa aliye peke yake: kuna tiketi, kuna walinzi, kuna kivuli, na kuna waongozaji rasmi. Beba pasipoti au kitambulisho, maana raia wa Afrika Mashariki hulipa pungufu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 mpaka ikaanguka, Waingereza wakaifanya gereza hadi 1958, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Napenda kusimama juu ya kuta zile upande wa bahari nikiwaza kwamba mji huu umepokea wageni wa kila namna, wengine na mizinga, na ukajifunza kuwapima. Ndiyo maana utatazamwa. Kutazamwa si kuchukiwa. Watu wanataka kujua umekuja na adabu gani.

Ibn Battuta, msafiri wa zamani aliyetoka kwao Tanja, Moroko, mwaka 1325 bila mwenzi wa safari, alifika Mombasa mwaka 1331 akalala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa. Hata katika usiku huo mmoja aliona kwamba milangoni mwa misikiti kulikuwa na kisima na chombo cha mbao cha kutekea, na kila aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza. Adabu ya kuingia mahali, basi, ni ya zamani pale. Ukitoka Fort Jesus ukaishika Ndia Kuu kuelekea Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa 1570, funika mabega, piga picha za milango lakini si za watu mpaka wakuruhusu, na mahali ambapo mlango uko wazi piga hodi hata kama unataka kuuliza njia tu. Mimi sitoki bila leso moja ya ziada kwenye mkoba. Ni mtandio, ni kinga ya jua, ni kitu cha kukalia, na ukiingia nyumba ya watu ghafla kwa mwaliko, unajitanda, unaingia umesimama sawa.

Mwaliko utakuja, wala usiushangae. Ukiwa mwanamke, nyumba zinafunguka kwako kuliko kwa mwanamume: utaitwa kuona hina inavyopakwa, utaketishwa jikoni, utaulizwa habari za kwenu mpaka chai ipoe. Wanaume wasomaji wangu, ninyi mna baraza, mna msikiti kwa aliye Mwislamu, mna vibanda vya kutazama mpira, hamtakosa watu. Kwa mwaliko wa ndani nina sharti moja tu. Nakwenda nyumba yenye wanawake na watoto, mchana, na namwambia mlinzi wangu nyumba ya nani. Mwaliko wa mtu mmoja wa "nyumbani kwangu hapo karibu" naushukuru, siuendei.

Jambo moja la Ijumaa. Karibu na adhuhuri maduka hufungwa na wanaume huenda kuswali, vichochoro vya Mji wa Kale vikabaki vitupu. Kwa aliye peke yake huo si wakati wa kuzurura humo. Kaa mahali, kula, ngoja mji urudi.

Alasiri muuza kahawa anatokea na dele lake la shaba juu ya makaa, mkono mmoja akigonganisha vikombe ili watu wasikie. Kahawa tungu, tangawizi, kashata ya njugu. Baraza ni la wanaume, hilo nisikufiche, na wapo wanawake watakaokuambia usilikaribie. Mimi hununua, nikawasalimia wote kwa pamoja, nikakaa karibu na muuzaji, pembeni. Sijafukuzwa. Mzee mmoja aliniuliza, "Wewe mwana wa nani?" Nikamwambia ni wa Tanga, Ngamiani, na marehemu babu yangu alikuwa fundi wa majahazi. Akanyamaza, kisha akaanza kunitajia manahodha wa Tanga aliowajua ujanani, mmoja mmoja, akitaka nimwambie nani yu hai. Wengi sikuwajua kabisa. Wawili nilijua makaburi yao, nikamweleza yalipo. Tangu jioni ile nikipita pale naitwa mjukuu wa fundi, na vijana wa mtaa ule, hata wale ambao sura zao zilinitisha mwanzoni, hunisalimia kwa jina hilo.

Lakini si kila anayekusemesha anataka salamu. Kuna siku mtu alinifuata. Aliniona Marikiti nikinunua viungo, akaanza kunisemesha, nikamjibu salamu, nikamwambia sihitaji kitu. Hakuachia. Nilipovuka Barabara ya Digo, akavuka. Niliposimama, akasimama. Sikukimbia wala sikukata kichochoro. Niliingia Mtaa wa Biashara, ambako mafundi wa pindo wamepanga vyerehani vibarazani wakishona leso za wateja, nikaenda moja kwa moja kwa mzee aliyekuwa anakunja leso mlangoni mwa duka.

"Ami, naomba kukaa. Kuna mtu ananifuata tangu sokoni."

Nilisema kwa sauti ya kusikika, makusudi. Cherehani ya kwanza ikanyamaza, ikafuata ya jirani, na upande ule wote ukawa unamtazama yule bwana. Ami akatoka hatua mbili. "Yakhe, wamtaka nani?" Hakuongeza neno. Mtu akageuka akaenda zake. Mimi nikaletewa kiti na maji, na nilipokuwa tayari kijana wa duka akanisindikiza mpaka mlangoni mwa nyumba niliyolala.

Wanawake wengi yakiwafika haya hunong'ona, au huvumilia mpaka wafike, kwa kuona haya. Naomba sana usione haya. Aibu ni ya anayefuata. Pwani mtu akiombwa himaya mbele ya watu ni vigumu aikatae, na mzee wa duka hatakubali mgeni avunjiwe heshima kizingitini mwake. Ila umwombe mtu mmoja kwa kumtazama usoni, umwite kwa cheo chake, ami, babu, mama, na useme sentensi iliyonyooka. Kelele za hewani kila mtu hudhani zinamhusu mwingine. Mambo yakizidi hapo, namba za dharura Kenya ni 999 na 112, na 1195 ni ya bure kwa aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia, usiku na mchana. Ziweke kwenye simu kabla hujavuka mpaka.

Pesa. Sajili laini ya Kenya kwa pasipoti yako siku ya kwanza na utumie M-Pesa, maana karibu kila duka linaipokea, na pochi nyembamba haimtamanishi mtu. Kuna kitu hakisemwi, lakini. Ukimtumia dereva pesa moja kwa moja kwa namba yake, jina lake linabaki kwenye simu yako, na hilo ni zuri. Ila na yeye anaweza kubaki na namba yako, na wapo watakaokuandikia saa sita usiku kukuuliza kama umelala. Kwa hiyo dukani na hotelini nalipa kwa namba ya till, yaani namba ya malipo ya biashara, na wa tuktuk namlipa kwa noti ndogo nilizoziweka mfuko wa nje. Bei mnapatana kabla hujapanda, na kabla ya kupatana muulize mtu wa mtaa bei ya kawaida. Usiku natumia Uber au Bolt, nasoma namba ya gari kabla sijafungua mlango, na natuma safari ile kwa mtu. Bodaboda usiku sipandi.

Ufukweni mambo ni mengine. Pale Jomo Kenyatta, ambapo wenyeji wengi hupaita Pirates, siku za mapumziko familia hujaa tele, watoto na maboya ya tyubu, ngamia wanapita, muhogo unakaangwa. Aliye peke yake hupata taabu ya jambo moja: vitu vyake atamwachia nani akiingia majini? Usivifukie mchangani. Tafuta familia iliyotandika mkeka, salimia, nunua mabuyu ugawe kwa watoto, kaa kidogo, halafu omba, "Mamangu, niangalizie." Wakati wa kula utaitwa. Waulize pia maji yanakuja au yanatoka, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, maana yanapokupwa utaona mchanga umefika mbali sana ukavutika kuelekea mwambani, na yanaporudi hayakungoji. Sehemu za ufukwe zisizo na watu, kati ya hoteli na hoteli, sizitembei peke yangu hata mchana.

Na mabichi boi, kwa kuwa mnaniuliza sana. Wengi ni vijana wanaotafuta riziki: safari ya mashua, kinyago, mkufu wa simbi. Waheshimu. Itikia salamu, simama ukimtazama, sema "Leo sihitaji, ahsante, Mungu akufungulie," kisha endelea na njia yako. Usiseme baadaye, usiseme kesho, kama huna nia. Kwa mtu anayeishi kwa ahadi za wateja hilo ni neno zito. Atakungoja, na kesho atakapokuona ana haki ya kudai. Ugomvi mwingi ninaousimuliwa kati ya wageni na vijana wale ulianzia kwenye "baadaye" iliyosemwa ili mtu aondoke.

Sitasema Mombasa haina hatari. Kumewahi kuwa na makundi ya vijana wenye mapanga katika baadhi ya mitaa ya Kisauni, Likoni na hata Mji wa Kale, na wapo mateja wanaopora simu. Mateja wenyewe ni watoto wa mtaa ule ule, mama zao wanawalilia, na mtu akikuomba kwa upole mjibu kwa upole. Lakini hatari ya aina hii ina majira na ina kona zake, na ramani ya intaneti haizijui. Mama wa mahamri anazijua. "Jioni hii usipite pale" ni sentensi niliyoambiwa zaidi ya mara moja, na sikuuliza kwa nini, nilizunguka.

Kwa jioni zangu naenda Mama Ngina. Ile bustani ya ufukweni ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2019, na kuanzia saa kumi familia zinamiminika chini ya mibuyu: mihogo ya pilipili na ndimu, madafu, viazi karai, watoto wanakimbia, meli zinaingia Kilindini karibu sana mpaka unasoma majina yake ubavuni. Hakuna anayekushangaa kukaa peke yako ukitazama meli, maana nusu ya watu wamekuja kutazama meli. Sheria yangu ni kuondoka na familia. Nikiona akina mama wanakunja mikeka na kuwavisha watoto viatu, na mimi nainuka.

Ramadhani mchana mji ni mzito, usile barabarani, na mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mpaka magharibi. Baada ya hapo ndiyo majira mazuri kuliko yote kwa mgeni aliye peke yake. Taa zimewaka, vichochoro vimejaa watu mpaka usiku, kaimati na sambusa mlangoni, na hakuna atakayekubali ufuturu peke yako.

Siku ya kuondoka, waage. Mama wa mahamri alinisimulia habari ya msichana aliyelala mtaani kwao, akala kwake siku zote, akaondoka alfajiri bila kumwambia mtu. Mtaa ulimtafuta. Walimwuliza mlinzi, walimwuliza dereva wa tuktuk, mwisho wakaenda mpaka kituo cha polisi, wakaambiwa kavuka mpaka zamani. Aliposimulia hakucheka. Kwa hiyo pita jioni ya mwisho: kwa mlinzi, barazani, kwa ami wa leso. Utapewa haluwa, utapewa mahamri ya njiani, utapewa salamu za watu wa kwenu usiowajua na utatakiwa uzifikishe. Pokea vyote. Na ukifika kwenu piga simu usiku ule ule, usingoje kesho.